Filamu Tatu za Apu kwenye Blu-ray: Picha Iliyonusurika Moto Tuipimeje?

Wanunuzi wengi wa filamu za zamani zilizokarabatiwa huipima picha kwa swali moja tu: je, ni safi? Watoaji wa diski wanalijua hilo, ndiyo maana matangazo yao mara nyingi huweka fremu mbili ubavu kwa ubavu, moja ikiwa na mikwaruzo na madoa, nyingine iking'aa. Hata hivyo, usafi ni kipimo dhaifu, kwa kuwa programu za kisasa zinaweza kuisafisha picha mpaka ikabaki tupu. Seti ya Blu-ray ya filamu tatu za mwongozaji wa Kihindi Satyajit Ray kuhusu maisha ya kijana aitwaye Apu, yaani Pather Panchali ya mwaka 1955, Aparajito ya 1956 na Apur Sansar ya 1959, iliyotolewa na kampuni ya Criterion ya Marekani mwezi Novemba 2015, inatulazimisha kutafuta kipimo kingine. Picha yake si safi kote, wala haikuwezekana iwe safi kote, na bado naihesabu miongoni mwa kazi bora za ukarabati zilizowahi kuuzwa kwa watazamaji wa nyumbani.

Haiwezi kuhukumiwa kwa haki bila kujua ilikotoka. Ray alitunukiwa Oscar ya heshima mwaka 1992, wiki chache kabla ya kufariki, na katika maandalizi ya tuzo hiyo ikabainika kwamba nakala za filamu zake zilizokuwa zikipatikana zilikuwa katika hali mbaya. Negativu za awali, yaani filamu zenyewe zilizopita ndani ya kamera, zikapelekwa London, katika maabara ya Henderson's, zikiwa njiani kwenda kwenye hifadhi ya Academy, taasisi inayotoa Oscar, huko Los Angeles. Julai 1993 maabara hiyo ikashika moto. Mabaki yaliyoungua hayakutupwa, bali yalisafirishwa hadi Academy na kukaa huko takriban miaka 20, kwa sababu wakati ule hapakuwa na mbinu ya kushughulikia filamu iliyojikunja, kuyeyuka na kukauka kiasi hicho. Mradi wa ukarabati ulipoanza, mabaki hayo yalipelekwa L'Immagine Ritrovata, maabara ya mjini Bologna nchini Italia, ambako mafundi waliyalainisha kwa kuyarudishia unyevu, wakabandua gundi na nta iliyoyeyukia juu yake, kisha wakayajenga upya kwa mkono matundu ya ukingoni ambayo mashine huyatumia kuivuta filamu. Kazi hiyo ya mikono peke yake ilichukua karibu saa 1,000. Baada ya yote hayo, takriban asilimia 40 ya negativu ya Pather Panchali na zaidi ya asilimia 60 ya ile ya Aparajito ziliweza kutumika. Negativu ya Apur Sansar ilikuwa imeharibika mno. Mapengo yote yakazibwa kwa nakala za vizazi vya baadaye zilizokuwa zimetunzwa katika hifadhi kadhaa, zikiwemo za Harvard na British Film Institute.

Maana yake kwa mtazamaji ni hii: kila filamu inaponakiliwa kutoka kipande kimoja kwenda kingine, hupoteza kidogo. Mistari myembamba hulegea, weusi huziba, weupe huchomeka, na chembechembe za nakala hujilundika juu ya chembechembe za asili. Kwa hiyo filamu mbili za kwanza za seti hii zina picha za aina mbili zinazopokezana. Shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, inakuonyesha nyuzi za sari na kila jani la mianzi nyuma yake, halafu inayofuata, katika mazungumzo yaleyale na ua lilelile, imepunguka makali na kivuli chake kimekuwa kizito. Mtazamaji asiyejua habari ya moto atadhani kuna kasoro katika diski. Mafundi wangeweza kuuficha mshono huo kwa kuishusha ile shoti nzuri ifanane na ile dhaifu, au kwa kuinoa ile dhaifu kwa kompyuta mpaka kila ukingo uzungukwe na mstari mweupe. Hawakufanya hivyo. Wamesawazisha mwangaza ili jicho lisishtuke, wakaacha kila kipande kitoe kile kilichobaki ndani yake. Huu ndio uamuzi ninaousifu kuliko mwingine wowote katika seti nzima.

Pa kuanzia kuukagua ni uso wa bibi mzee Indir katika Pather Panchali, ulioigizwa na Chunibala Devi, ambaye alikuwa na umri wa miaka 80 hivi wakati wa upigaji picha. Simamisha picha pale anapokaribiana na kamera. Mikunjo ya mashavu yake inapaswa kuwa na kina, kila mmoja ukiwa na ukingo wenye mwanga na bonde lenye kivuli, na juu ya ngozi yote pawepo mchanga laini unaobadilika kila fremu. Mchanga huo ni chembe za fedha zilizomo kwenye filamu yenyewe, na hauhusiani kabisa na chenga za antena. Picha yote imeundwa na chembe hizo, hakuna picha nyingine iliyojificha nyuma yake, na hivyo anayezifuta anafuta na mikunjo. Katika diski hii zipo, zimetulia, na hazibadiliki kuwa viboksiboksi hata Durga, dada yake Apu, anapochezacheza katika mvua, tukio linaloweza kuuchosha mgandamizo wowote wa data.

Kwa mfano wa kinyume chake hatuna haja ya kwenda mbali. Toleo la Blu-ray la filamu ya Predator lililotoka mwaka 2010 lilizifuta chembechembe kiasi kwamba watu waliokuwa wakitoka jasho msituni walionekana kama masanamu ya nta, na lilikosolewa vikali. Ajabu ni kwamba wako waliolisifu, hasa walioliona dukani kwenye skrini iliyowekwa rangi za kukolea. Siwalaumu sana. Macho yaliyozoea picha za simu, ambazo hulainishwa ngozi kabla hata hazijahifadhiwa, huona ulaini kama ubora.

Jambo la pili la kukagua ni mahali ambapo shoti moja inafifia na kuingiliana na nyingine. Zama zile muingiliano huo ulitengenezwa maabara kwa kunakili vipande viwili juu ya kimoja, kwa hiyo picha hushuka ubora muda mfupi kabla ya kuanza kufifia, kisha hurudi ghafla pale shoti mpya inaposimama peke yake. Katika ukarabati mwaminifu mruko huo unaonekana. Ukikosekana kabisa, jiulize ni nini kimefanyika kwenye sehemu iliyobaki, maana huenda filamu nzima imeshushwa kufikia kiwango cha sehemu yake mbovu. Filamu mbili za kwanza za Apu zinafaulu hapa, ingawa mara nyingine ni vigumu kupambanua kama kushuka kunatokana na mbinu ya zamani au na pengo lililoachwa na moto.

Hata hivyo, kwa filamu za nyeusi na nyeupe, suala kubwa zaidi ni kijivu. Mpiga picha Subrata Mitra hakuwa amewahi kushika kamera ya sinema kabla ya Pather Panchali, na huenda ndiyo sababu hakufungwa na mazoea ya studio. Kwa ajili ya Aparajito, ua wa nyumba ya mji wa Benares ulijengwa studioni Kolkata, na ili upate mwanga wa mchana unaoteremka kutoka juu bila vivuli vikali, Mitra alitandaza kitambaa cheupe juu yake na kuangazia taa kwenye kitambaa hicho ili mwanga urudi chini ukiwa umetawanyika. Mwanga wa namna hiyo unaishi katikati ya ngazi ya vijivu, mbali na weusi kamili na mbali na weupe kamili. Ukiongeza tofauti ya mwanga na giza kidogo tu, ua unageuka seti ya kawaida yenye taa. Katika Blu-ray hii ukuta wa ua una vijivu vingi visivyohesabika, plasta iliyomomonyoka inajitokeza bila kuchorwa, na uso wa Sarbajaya, mama yake Apu, anapoingia mlangoni unafifia polepole kuelekea gizani badala ya kukatwa na giza. Katika nakala mbovu za awali ungeona mlango mweusi tu. Kama kuna dakika moja ya seti hii ningemwonyesha mtu asiyeamini kwamba ukarabati una faida, ingekuwa ni hapa, na si katika lile tukio mashuhuri la treni na maua meupe, ambalo linapendeza hata kwenye nakala mbaya.

Apur Sansar ni shauri jingine. Kwa kuwa imetoka yote katika nakala za baadaye, haina kupanda na kushuka. Ni laini tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu akiitazama peke yake huenda asihisi upungufu wowote. Ukiitazama mara baada ya Aparajito, upungufu unaonekana wazi. Kuna shoti ya karibu sana ya jicho la Aparna, bibi harusi aliyeletwa kwenye chumba duni cha Apu, akichungulia nje kupitia tundu la pazia lililochanika. Nyuzi za kitambaa kuzunguka tundu zinaonekana, lakini huwezi kuzihesabu, kope zinashikana, mng'ao ndani ya jicho ni doa jeupe lisilo na umbo. Kwa shoti kama hiyo, negativu yenyewe ingetoa zaidi, na hakuna programu itakayorudisha ambacho hakimo. Naikosoa hapa seti kwa jambo dogo: katika baadhi ya matukio ya usiku weusi umeachwa ukielea, kijivu-kijivu, pengine ili kuokoa maelezo yaliyomo kivulini, na nionavyo mimi weusi ungevumilia kushushwa kidogo.

Rangi haitusumbui katika filamu hizi, na hilo ni nafuu, kwani rangi ndiko kwenye mabishano makali zaidi. Toleo la kwanza la Blu-ray la filamu ya The French Connection, mwaka 2009, lilipakwa rangi upya kwa maelekezo ya mwongozaji William Friedkin mwenyewe, na mpiga picha wake Owen Roizman akalipinga hadharani. Mwaka 2012 likatolewa jingine lililo karibu zaidi na sura ya awali. Kwa hiyo muhuri wa idhini ya mwongozaji hautoshi kuwa ushahidi. Kwa Apu inatosha kukagua kwamba kijivu ni kijivu kweli, kisichoelekea buluu wala manjano, na kama kinaelekea huko kwenye skrini yako, kwa kiasi kikubwa kosa litakuwa la runinga.

Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa ajili ya mwanga mkali wa dukani. Kabla ya kutoa hukumu yoyote, zima kipengele cha kulainisha mwendo, kinachobuni fremu za ziada na kuifanya sinema ifanane na tamthilia; shusha unoaji mpaka chini; zima upunguzaji wa kelele za picha, ambao hufuta chembechembe zilezile ambazo Bologna walizihifadhi kwa taabu; na chagua joto la rangi lililo vuguvugu. Televisheni zenye Filmmaker Mode, mpangilio uliotangazwa na UHD Alliance mwaka 2019, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa kitufe kimoja. Zaidi ya hapo, funga mapazia. Picha ya Mitra haishindani na jua la saa tisa alasiri.

Sauti ni ya mkondo mmoja (mono), na muziki wa Ravi Shankar unasikika wazi, ukiwa na mvumo kidogo katika sehemu tulivu ambao ni afadhali kuliko ukimya wa kuchongwa. Manukuu ni ya Kiingereza pekee. Katika ziada, kipande kifupi cha mtengenezaji filamu kogonada kuhusu ukarabati kinastahili kutazamwa kabla ya filamu zenyewe, kwa sababu ukishayaona mabaki yenyewe yaliyoungua hutauliza tena kwa nini shoti fulani imelegea.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayefikiria kuagiza, kuna kikwazo ambacho hakihusiani na picha. Diski za Blu-ray za seti hii zimefungwa kwa eneo A, linalojumuisha Marekani, ilhali Afrika yote imo katika eneo B, na mashine iliyonunuliwa Dar es Salaam au Nairobi huenda ikazikataa kabisa. Baadaye Criterion ilitoa pia seti ya 4K ya filamu hizihizi, na kwa kawaida diski za 4K hazina kizuizi cha eneo, hivyo mwenye mashine ya 4K anaweza kuchukua hiyo bila wasiwasi. Anayebaki na Blu-ray ahakikishe kwanza kwamba mashine yake inasoma maeneo yote. Utiririshaji ni njia ya mwisho: kasi ya data ikishuka, kitu cha kwanza kutoweka ni chembechembe, na uso wa Chunibala Devi unageuka laini.