Jaketi langu la kuokoa maisha, baada ya Dunga na Diani

Nilinunua jaketi hili mwaka jana, mwezi wa nne, kwa shilingi 3,800 katika duka moja la vifaa vya michezo hapa Kisumu. Kilichonipeleka dukani ni aibu. Nilikuwa nimekodi kayaki upande wa Dunga, kwenye Ziwa Victoria, nikapewa jaketi lililochujuka rangi, zipu haipo, mkanda umepigwa fundo. Kayaki ikapinduka hatua chache tu kutoka ufuoni. Mwili ukaenda chini, jaketi likabaki juu. Likanifika masikioni nikawa kama kobe anayechungulia. Kijana aliyenivuta alingoja tufike nchi kavu ndipo acheke. "Omera, jaketi si shuka. Linafungwa!"

Hili jipya halipandi. Lina mikanda miwili ya kiunoni na mmoja unaopita katikati ya miguu, ule ambao watu wazima huuona wa kitoto. Kabla ya kwenda majini navaa, nakaza, kisha mke wangu analivuta juu kwa mabega. Likinifika kidevuni, nakaza tena.

Lebo yake inasema 100N, yaani nyutoni 100, kipimo cha nguvu ya kukuelesha majini, na uzito wa mvaaji. Muuzaji alinishikilia nichukue la 50N, jembamba, bei nafuu, eti "ni yale yale tu." Wapi! La 50N ni la anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada; ukipoteza fahamu, usitegemee likugeuze uso juu. Langu nililijaribia kwenye bwawa la hoteli, mwokoaji kasimama kando: nikalala kifudifudi, nikalegea kabisa. Likanigeuza. Polepole, lakini likanigeuza.

Kasoro zipo. Kola inachubua shingo ukipiga kasia zaidi ya saa moja. Filimbi iliyokuja nalo ilikuwa na kijipira ndani. Ikilowa, inatoa pumzi tu. Nikanunua isiyo na kijipira. Na msinunue mkidhani mmekingwa na kila kitu: kichocho kwenye maji ya kando yenye majani hakijui jaketi, na kiboko pia hajui. Mimi hutoka asubuhi mapema, kabla ya upepo wa mchana kuanza kuvuma kutoka ziwani.

Disemba nililipeleka Diani, kule pwani. Maji ya chumvi yalinibeba juu kuliko ziwa letu, nikajiona samaki, nikaanza kufungua mikanda. Nahodha akaninyoshea kidole pale mwamba ulipoachia mlango: maji yakipwa, hutokea hapo kwenda bahari kuu, na hayaulizi kama unataka kuandamana nayo. Nikakaza.

Nyumbani nalisuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kulianika kivulini, maana jua hula kitambaa.

Sasa mke wangu anataka la kwake. Kilo zake amenikataza kuziandika hapa, lakini muuzaji lazima atamwuliza.