Thonny: kama ndo unaanza Python kwenye kompyuta ya nyumbani, weka hii kwanza

Thonny ni programu ya kuandikia na kuendeshea kodi (yale maagizo unayoipa kompyuta) kwa lugha ya Python. Kabla ya hii nilikuwa na nyingine ya kuandikia kodi, jina kapuni, likitu likubwaaa, nimelishusha usiku kucha, nimelifungua asubuhi na kompyuta yangu ya RAM GB 4 ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga, halafu baada ya yote hayo linaniuliza Python iko wapi. Sasa mi ntajuaje jamani, si ndo nilidhani nimeshaiweka? Kumbe lile ni la kuandikia tu, Python yenyewe unaitafuta kivyako, halafu uhakikishe kompyuta inajua njia ya kuifikia, yale mambo ya PATH, ukikosea hapo ukiandika python kwenye dirisha la amri unajibiwa haitambuliki. Kuna watu kibao wameishia hapohapo wakasema programming ngumu, na hawajaandika hata mstari mmoja!

Thonny imetokea Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, na imetengenezwa makusudi kwa wanaoanza. Ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux, na wenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, wanaikuta imo tayari kwenye mfumo wake. Unaenda thonny.org unashusha, faili la Windows ni kama MB 20 tu, na humohumo ndani imebeba Python yake, kwahiyo PATH huigusi kabisa. Ikifunguka mara ya kwanza inakuuliza lugha na mpangilio, acha Standard, basi. Juu sehemu ya kuandika, chini Shell, panapotokea majibu. Mi niliandika print("mambo"), nikabonyeza F5, ikanitaka nihifadhi faili, nikahifadhi, mambo hayo hapo chini. Sikuamini kama ndo imeisha.

Ila kilichonifanya nikae kuandika haya yote ni ile ya kupita kodi hatua kwa hatua. Andika x = 3, mstari wa pili y = x * 2 + 1, halafu usibonyeze F5, bonyeza Ctrl na F5, kisha uwe unagonga F7 polepole. Utaona x inageuka 3 mbele ya macho yako, 3 * 2 inakuwa 6, halafu 6 + 1 inakuwa 7, ndo inaingia kwenye y. Ukienda View ukawasha Variables unaziona na namba zake pembeni zinavyobadilika. Na ile habari ya fankisheni (kipande cha kodi chenye jina, unakiita kinafanya kazi yake) kujiita yenyewe, ambayo nilisoma mara tatu nikawa naitikia tu kichwa, huku kila ikiitwa inafungua kidirisha chake kipya juu ya kingine, ikimaliza kinajifunga kinarudisha jibu kwa cha chini yake. Dakika kumi nikaelewa!

Ukisahau kufunga mabano au alama za nukuu inabadilisha rangi palepale, unashtuka kabla hujaendesha.

Kuna ujinga niliufanya mwenyewe, usirudie. Nilitaka kuchora na turtle, ile ya Python ya kobe anayechora akitembea, nikahifadhi faili langu kwa jina turtle.py. Ikagoma, inasema turtle haina forward (amri ya kwenda mbele), nimehangaika jioni nzima nafuta naandika upya, kumbe import turtle inavuta faili langu mwenyewe badala ya ile halisi. Nikabadilisha jina la faili, kobe akatembea. Hilo si kosa la Thonny, ni langu.

Maktaba za ziada (kodi zilizoandikwa na wengine, wewe unazitumia tu) unaziweka kwa Tools, Manage packages, unatafuta jina unabonyeza Install. Angalia tu kitu kimoja, ile Python ya ndani ya Thonny ni yake peke yake, kama una Python nyingine kwenye mashine na uliweka vitu kwa pip (chombo cha Python cha kuwekea maktaba) huko, huku hutaviona, unaviweka upya au unaenda Tools, Options, Interpreter unaielekeza kwenye ile nyingine.

Naipa 4 kati ya 5. Moja nimekata kwasababu nje ya Python na MicroPython (Python ya vibodi vidogo) haikusaidii kitu, ukitaka lugha nyingine kama JavaScript tafuta kwingine, na ukishakuwa na mradi wa mafaili ishirini unaanza kuona imekubana, Git, ile ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, haina. Kingine, ile ya hatua kwa hatua kwenye kodi ndefu inaburuta, loop (kodi inayojirudia) ya mara elfu usithubutu utalala hapo, punguza iwe mara tano ndo uitazame.

Mi miradi mikubwa nimeshaihamishia kwingine ila sijaifuta. Loop ikinishinda nakopi kile kipande tu nakileta huku, nagonga F7 taratibu mpaka nione namba inapopotelea.