Sedani Mpya ya Familia: Camry, Accord au Sonata? Namna ya Kupima Majaribio ya Barabarani na Maoni ya Wamiliki

Mnunuzi wa sedani mpya ya familia hukutana na mashahidi wawili ambao mara nyingi hawakubaliani. Wa kwanza ni mtaalamu aliyekaa na gari kwa siku chache, akalipima kwa vifaa na kutoa jedwali la namba. Wa pili ni mwenye gari, aliyelilipia kutoka mfukoni mwake, akalipakia watoto na mizigo, na ambaye anajua milio inayoanza kusikika baada ya kilomita elfu arobaini. Mwongozo huu unazipanga sedani za haibridi (zinazotumia injini ya petroli pamoja na mota za umeme) za daraja la kati, yaani Toyota Camry, Honda Accord na Hyundai Sonata, pamoja na zile za petroli pekee, kwa kumsikiliza kila shahidi katika jambo analolijua. Takwimu ni za matoleo yanayouzwa Marekani, na zile za mafuta zimetokana na vipimo vya EPA, shirika la mazingira la nchi hiyo, zikageuzwa kuwa lita kwa kila kilomita 100.

Katika majaribio ya barabarani, namba inayopendwa kuliko zote ni ile ya kuchapuka kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, ingawa kwa mtu anayebeba familia ndiyo yenye manufaa madogo zaidi. Isitoshe, majarida mengi ya Marekani huanza kuhesabu muda baada ya gari kusogea futi moja, yaani sentimita 30 hivi, jambo linalopunguza takriban sehemu tatu za kumi za sekunde, kwa hiyo si haki kuilinganisha namba hiyo na ya jarida linaloanza kuhesabu gari likiwa bado limesimama. Afadhali kutazama muda wa kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa, kwa kuwa huo ndio mwendo wa kulipita lori.

Breki na uthabiti ni suala jingine, na hapa mtaalamu anastahili kuaminiwa kuliko mmiliki yeyote, kwa sababu dereva wa kawaida hukanyaga breki kwa nguvu zote mara chache sana maishani, na akifanya hivyo hana kipimo mkononi. Sedani nzuri ya sasa ikiwa katika kilomita 100 kwa saa husimama ndani ya mita 36 hadi 40 hivi, ila ni lazima uangalie gari lililopimwa lilifungwa matairi gani, maana mita mbili au tatu za tofauti huweza kutokana na matairi peke yake. Umuhimu wa jaribio la kukwepa kikwazo cha ghafla ulidhihirika mwaka 1997, pale jarida la Teknikens Värld la Sweden lilipoipindua Mercedes-Benz A-Class, nayo kampuni ikalazimika kuliwekea gari hilo mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti. Hakuna maoni ya wamiliki ambayo yangeugundua udhaifu huo kabla watu hawajaumia.

Nyota za usalama nazo husema tu kuhusu jaribio lililofanywa. Mwaka 2012 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, ilianzisha jaribio la kugonga kwa sehemu ndogo ya pembe ya mbele, na Camry ya wakati huo, ambayo ilikuwa imefanya vizuri katika majaribio ya awali, ikapata daraja la chini kabisa, ilhali Accord ilipata daraja la juu. Ndiyo maana ni vyema kutazama mwaka wa jaribio pamoja na daraja lenyewe. Mwaka 2022 taasisi hiyo iliongeza kipimo cha sanamu ya abiria wa kiti cha nyuma, na kwa gari la familia sioni kipimo kinachofaa kusomwa kabla ya hicho.

Tukija kwa wamiliki, swali la kwanza ni wamekaa na gari muda gani. Kampuni ya utafiti ya J.D. Power hufanya uchunguzi wa aina mbili: mmoja huwauliza wamiliki kuhusu siku 90 za mwanzo, na mwingine huwauliza wenye magari ya miaka mitatu, na katika zote mbili matokeo hutolewa kama idadi ya matatizo kwa kila magari 100. Tatizo la simu kukataa kuunganishwa na skrini huhesabiwa kuwa moja, sawasawa na tatizo la giaboksi. Gari lenye skrini ngumu kuitumia linaweza kuonekana bovu kwenye orodha wakati injini yake haina kasoro yoyote. Soma kwa makini yale malalamiko yanayojirudia kwa watu wasiojuana, yanayotaja umbali uliotembelewa na yanayoelezea dalili zilezile, na usihangaike sana na mmoja aliyekasirishwa na muuzaji.

Nguvu ya ushahidi wa aina hiyo ilionekana kwenye injini ya Honda ya lita 1.5 yenye turbo. Wamiliki wa Civic na CR-V za miaka ya 2017 na 2018, hasa katika maeneo ya baridi kali ambako magari huenda safari fupi, walianza kuripoti kwamba kila wakichomoa kijiti cha kupimia oili walikuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, na oili ikinuka petroli. Petroli ilikuwa ikichuruzika hadi kwenye oili kwa sababu injini haikupata muda wa kupata joto la kutosha kuivukiza. Baadaye Honda iliongeza muda wa dhamana kwa magari hayo nchini Marekani. Mjaribu anayekabidhiwa gari likiwa limeshapashwa joto, akaliendesha kwenye barabara kuu, hangeweza kuliona jambo hilo hata angekuwa hodari kiasi gani.

Baada ya kuyapima hayo yote, nafasi ya kwanza naipa Toyota Camry ya kizazi kilichoanza na toleo la 2025, ambayo sasa inauzwa kwa mfumo wa haibridi tu. Injini yake ni ya lita 2.5, ikisaidiana na mota za umeme kutoa nguvu za farasi 225, au 232 kwa toleo linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Toleo la LE linalovutwa na magurudumu ya mbele hutumia lita 4.6 kwa kilomita 100. Wajaribu hawaishangilii sana. Hulalamikia ngurumo ya injini unapokanyaga mafuta kwa nguvu, na wana haki. Hata hivyo, mpangilio wake wa gia za sayari, usiotumia mkanda wa CVT ya kawaida (giaboksi isiyo na gia za hatua), Toyota imekuwa ikiuendeleza tangu gari lake la haibridi la Prius la 1997, na Camry ya haibridi imekuwapo tangu toleo la 2007. Mimi niko tayari kuvumilia ngurumo kwa ajili ya mtambo ambao umeshatumikia teksi na familia kwa miaka yote hiyo.

Accord ya haibridi iko nyuma yake kwa tofauti ndogo sana, na kama ningehukumu kwa majaribio ya barabarani peke yake ingekuwa ya kwanza. Hakuna gari jingine lililoingia mara nyingi zaidi katika orodha ya kila mwaka ya magari kumi bora ya jarida la Car and Driver, na sababu huhisika mapema kwenye usukani na kwenye kona. Ina nguvu za farasi 204. Kwa sehemu kubwa ya safari injini huzalisha umeme tu na mota ndiyo inayosukuma gari, hadi kwenye mwendo wa barabara kuu ambako injini huweza kuunganishwa moja kwa moja na magurudumu. Buti lake hubeba lita 473, dhidi ya 428 za Camry. Haina toleo linaloendeshwa na magurudumu yote manne, na kwa anayeishi kwenye theluji au utelezi hilo ndilo linaloamua.

Katika nafasi ya miguu, jedwali linaweza kumpotosha msomaji. Kiti cha nyuma cha Accord kimeandikiwa sentimita 103.6, cha Camry 96.5 na cha Sonata 88.4, na mtu akiishia hapo ataiona Sonata kuwa finyu kupita kiasi. Kipimo hicho huchukuliwa kiti cha mbele kikiwa kimerudishwa nyuma kabisa, na kiti cha mbele cha Sonata hurudi mbali mno, hadi nafasi ya sentimita 117, wakati ya Camry na Accord ni 107 hivi. Ukijumlisha mbele na nyuma, Sonata inapata takriban 205, Camry 203 na Accord 211. Kwa dereva wa kimo cha kawaida, Sonata na Camry zinakaribiana sana. Accord ndiyo iliyozidi kweli.

Sonata ya haibridi inashika nafasi ya tatu. Ina nguvu za farasi 192 na giaboksi ya otomatiki yenye gia sita halisi, kwa hiyo mlio wa injini hupanda na kushuka kama madereva wengi walivyozoea, na toleo la SEL hutumia lita 5.0. Dhamana yake ya Marekani kwa injini na giaboksi hufika miaka 10 au maili 100,000 kwa mmiliki wa kwanza. Nimeiweka chini kwa sababu historia yake ni fupi kuliko ya Toyota.

Za petroli pekee zinafuata kwa mbali. Accord yenye injini ya lita 1.5 ina nguvu za farasi 192 na hutumia lita 7.4, na anayeendesha safari fupi kwenye baridi anakumbuka habari ya oili. Nissan Altima huendeshwa kwa CVT, na kabla ya kuichagua soma maoni ya wamiliki waliovuka kilomita laki moja.

Ukishachagua gari, angalia rimu. Camry LE ina rimu za inchi 16. XSE yenye inchi 19 hupanda hadi lita 5.0. Accord nayo hutoka 4.9 katika EX-L hadi 5.3 katika matoleo ya rimu za inchi 19, ambayo matairi yake pia hugharimu zaidi na huumia upesi kwenye mashimo. Kabla ya kutia saini, fungua sakafu ya buti: haibridi nyingi huuzwa bila tairi la akiba, na utakachokuta ni pampu ndogo na kopo la dawa ya kuziba pancha.