TAHADHARI: Wenye Honda Fit hapa Kigoma, hesabuni plagi zenu

Ndugu zangu wa Kigoma mjini, Ujiji, Mwandiga na wote mnaoendesha vigari vidogo, someni hii kabla hamjamwachia mtu ufunguo. Fundi wa gereji amenitapeli laki tatu na elfu kumi na tatu mchana kweupe, na mkanda wa injini aliotumia kunidanganyia bado unazunguka hapa mjini.

Jina la gereji silitaji, wala mtaa. Shauri liko polisi, na sitaki kesho niambiwe nimemchafulia mtu jina. Nitawaeleza anavyofanya kazi tu. Ukikutana naye utamjua.

Mimi ni mama wa mawese. Nanunua vijijini, nauza soko la Mwanga, mengine nayapandisha treni. Gari langu ni Honda Fit, ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 2004, namba ya chasisi inaanzia na GD1. Watu hunicheka, eti madumu na Fit wapi na wapi. Hawajaifungua nyuma. Tanki la mafuta Wajapani walilisogeza chini ya siti za mbele, kwa hiyo huku nyuma sakafu imeshuka chini, na siti unaweza kuilaza ikawa bapa, au ukanyanyua kikalio kikasimama wima. Madumu yangu sita ya lita ishirini yanakaa humo bila kuegemeana. Gari hili lilipotoka mwaka 2001 lilichukua tuzo ya gari la mwaka kwao Japani, na mwaka 2002 likaiangusha Corolla, iliyokuwa imeongoza mauzo huko kwa miaka 33. Nasema haya kwa sababu wakwe zangu wanadai nilinunua kopo. Sikununua kopo.

Ugonjwa ulianza kwenye kile kilima cha kutoka stesheni kupanda Mwanga. Mnakijua. Nikisimama kumpisha mtu halafu nikaachia breki ili niondoke, gari linatetemeka lote mpaka madumu yanagongana, kisha likishika mwendo linatulia. Hapohapo likaanza na kumisi, injini inakatakata, likawa linakula mafuta kuliko kawaida. Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja, akasema yule ni mtaalamu wa magari ya Kijapani, na ana duka la spea palepale, hutatembea.

Nilipokelewa vizuri, siwezi kusema uongo. "Karibu mama, hapa umefika." Kiti kikaletwa, maji yakaletwa. Akafungua boneti, akainamisha sikio, akaniambia niwashe, nizime, niwashe tena. Halafu akatikisa kichwa kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Mama, hapa beliti ya taimingi, ile inayopanga mwendo wa injini, imekwisha. Plagi zote nane zimekufa. Na haidroliki, oili ya gia boksi, imekuwa maji."

"Plagi nane? Gari dogo hivi?"

"Ndiyo mama. Hii injini yako ya ndege."

Hilo la plagi nane ni kweli, na ndilo lililoniponza. Injini ya Fit hii ya cc 1300, ile yenye maandishi ya i-DSI, ina silinda nne lakini kila silinda ina plagi mbili, na kila plagi ina koili yake ya kuipa moto. Nilikuwa nimeshawahi kulisikia, kwa hiyo alipolitaja nikasema huyu anajua. Tapeli mzuri hakupi uongo mtupu. Anakuanzia na kitu unachokijua.

Akaniambia, "Niachie ufunguo mama, nenda kaendelee na shughuli zako, uje saa kumi." Nikaenda.

Saa kumi nakuta ametandika kitambaa chini, juu yake kuna plagi nne nyeusi ("hizi za mfano tu mama, nyingine vijana wameshatupa") na mkanda wa mpira. Huo mkanda niliutazama sana, ndiyo maana leo naweza kuueleza. Umepasukapasuka mgongoni, meno mawili yameng'oka yakifuatana, na pembeni una alama ya rangi nyeupe, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kama tone la rangi ya nyumba lililokaukia pale. "Ungetembea nao wiki moja tu, mama, ungeua injini." Mwili ukanisisimka. Nikamshukuru Mungu, na nikawaongezea vijana wake elfu tano ya soda!

Hesabu yake ilikuwa hivi: beliti elfu themanini na tano, plagi nane kila moja elfu kumi na mbili, haidroliki lita nne kila lita elfu kumi na nane, ufundi elfu sitini. Nikatuma kwa simu, kwenye namba iliyotoka na jina la mwanamke nisiyemjua. Risiti akaniandikia kwenye kitabu cha duka, bila muhuri, pale juu pameandikwa "matengenezo". Basi.

Siku tatu gari lilikuwa zuri. Wiki ya pili likaanza tena, safari hii vibaya zaidi. Kwenye kilima cha Mwanga lilikuwa linaruka kama linakanyaga mawe, na taa ya injini ikawaka. Nilimpigia, akasema, "Linazoea spea mpya, mama, lipe muda." Nikalipa muda. Lilinizimikia mbele ya Kidahwe saa kumi na mbili jioni, madumu sita ndani, simu ina asilimia tisa. Gharama ya kuvutwa mpaka mjini naomba nisiitaje.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja aliyesoma ufundi VETA, hana hata bango, anafanyia kazi chini ya mwembe nyumbani kwao. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia plagi ni mpya, beliti ni mpya. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa upole, "Shangazi, beliti gani?"

Nikamwambia ya taimingi.

Akainama kwanza, nadhani alikuwa anaficha kicheko. "Shangazi, gari hii haina beliti ya taimingi. Ina cheni."

Nilinyamaza. Akanionesha mkanda wa pembeni, ule unaoonekana kwa macho ukifungua boneti, unaozungusha alteneta. Huo upo na ulikuwa wa zamani, haujaguswa na mtu. Lakini ya taimingi kwenye injini hii ni cheni ya chuma, imefungiwa ndani, inaoga oili ya injini. Mtu aliyekuuzia beliti ya taimingi ya Fit amekuuzia kwato za samaki.

Kisha plagi. Nne za mbele zinaonekana ukifungua boneti tu, mtu yeyote anazifikia. Nne nyingine ziko nyuma, upande wa kioo, na ili uzifikie vizuri lazima ung'oe mikono ya waipa na ile plastiki pana iliyo chini ya kioo. Kijana alipoing'oa alikuta majani makavu na vumbi la miaka, skrubu zina kutu ambayo bisibisi haijaipitia. Akachomoa plagi za nyuma moja moja, akaniwekea kiganjani. Ncha zimelika mpaka zimekuwa kama kipande cha penseli kilichotafunwa na mtoto. Hizo ndizo "plagi mpya nane" nilizolipia elfu tisini na sita.

Za mbele zilikuwa zimebadilishwa kweli. Akachukua kitambaa chenye petroli, akapangusa yale maandishi ya kampuni kwenye kauri nyeupe, yakatoka yote kama wino wa biki. Koili moja ya mbele nayo ilikuwa ngeni, kukuu kuliko wenzake, na ndiyo iliyokuwa imekufa. Kama ilibadilishwa palepale gereji au nililinunua gari likiwa nayo, hilo siwezi kuapa.

Lililonigharimu zaidi ni gia boksi. Gia boksi ya Fit hii si ya gia nne zinazopanda na kushuka. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili (ndiyo, mkanda upo kwenye gari langu, ila si aliouuza yeye), na kuna klachi ya kuondokea inayoogelea kwenye oili. Honda wana oili yao maalumu kwa hiyo, imeandikwa HMMF kwenye kopo. Ikichoka, au ukiweka isiyo yake, klachi inashika kwa kurukaruka, ndiyo ule mtetemeko wa kilimani. Yeye alinijazia haidroliki nyekundu ya kawaida, ile wanayoweka kwenye magari ya otomatiki ya zamani. Kwa hiyo ugonjwa uliokuwepo aliulisha sumu.

Na hapa niseme haki: mtetemeko huo si yeye aliyeuleta. Ni malalamiko ya siku zote ya wenye Fit za kizazi kile, hata wanaohudumiwa vizuri. Mtu akikuuzia GD1 akasema haitetemeki kabisa, mpandishe kilima cha Mwanga kwanza, gari likiwa limeshapata moto.

Oili sahihi ilitoka Dar kwa basi. Kijana aliimwaga na kuijaza mara tatu, kila safari tukitembea kidogo katikati, kwa sababu ukimwaga mara moja haitoki yote, nyingine inabaki ndani. Plagi za nyuma zikafungwa mbele ya macho yangu, mimi ndiye niliyeshika tochi. Kumisi kumekwisha, mafuta yamerudi kawaida. Mtetemeko umepungua lakini haujaisha. Ameniambia klachi imeshaungua kiasi na siku moja itataka kubadilishwa. Naishi nao.

Nilirudi kule kwa yule bwana. Nilimwomba jambo moja tu: anioneshe beliti aliyofunga. Akasema injini ikifunguliwa garantii inakufa. Nikamuuliza garantii ipi, akaanza kunieleza kwamba wanawake tunasikiliza sana maneno ya vijana wa mtaani. Baadaye mzee mmoja wa pale akaingilia, nikarudishiwa elfu arobaini "ya kuheshimiana". Polisi waliniandikia maelezo, lakini swali lao la kwanza lilikuwa risiti iko wapi. Nikatoa kile kikaratasi. Askari akakigeuza huku na huku, akanirudishia. Dukani dai risiti ya mashine ya EFD, ni sheria, na iandikwe kitu ulichonunua, siyo "matengenezo". Na pesa itumwe kwa jina la mtu unayemwona mbele yako.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililonifanya niandike. Nilipokuwa nasimulia sokoni, dada mmoja anayeuza samaki, migebuka, akaniuliza kama ule mkanda ulikuwa na doa jeupe. Mumewe ana Toyota IST. Aliambiwa beliti ya taimingi imekwisha, akaoneshwa mkanda uliopasuka, meno mawili hayana, una doa jeupe pembeni. Injini ya IST nayo ni ya cheni! Jumapili akatokea mwingine, wa Fit kama mimi, mkanda uleule. Kijana wangu anadhani ulitoka kwenye Toyota Starlet ya zamani, maana zile kweli zinatumia beliti. Yaani yule bwana ana mkanda mmoja, anauhifadhi kama mkufu wa bibi, kila mteja akija unatandikwa kitambaani.

Kwa hiyo ukipeleka Fit, kwanza tazama namba ya chasisi kwenye kadi ya gari. GD1 na GD2 ni plagi nane. GD3, ile ya 1500, ni nne. Zile za kizazi cha pili zinazoanzia GE6 nazo ni nne, kwa hiyo akikuhesabia nane kwenye hizo ondoka tu, usiage. Kwenye yenye nane, fundi akikwambia amemaliza zote na waipa hazijang'olewa, amefunga nne. Usiondoke pale kazi ikifanyika. Chukua kiti chake hichohicho anachokukaribishia, ukae. Spea za zamani zote uondoke nazo, hata kama huna kazi nazo, na kopo la oili lifunguliwe ukiona.

Huyo kijana wa chini ya mwembe amenikataza kumtangaza, anasema magari yaliyopo yanamtosha.

Dada wa migebuka na mimi tutarudi polisi Jumatatu, na yule wa Fit amekubali kuja. Tunachokosa ni picha ya mkanda wenyewe. Yeyote atakayeoneshwa mkanda wenye doa jeupe wiki hii, asibishane naye. Aseme asante, aupige picha pande zote mbili, anitumie.