Kwa mita za zamani, nendeni kwa yule mzee wa Langoni

Mzee huyu wa Langoni, hapa Lamu, si fundi wa simu. Ukimpelekea kioo kilichopasuka atakuelekeza kwa vijana wa Usita wa Mui, tena bila kuinua kichwa. Kazi yake ni redio za majahazi, amplifaya za misikiti na inverta. Na mita za mezani za kupimia umeme pia, nimeyaona mwenyewe.

Yangu ni HP 3478A, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, tarakimu tano na nusu. Kazi zangu nyingi za sola huku Shela na Manda namaliza na testa ya mkononi, lakini shunti (kipande cha kupimia mkondo) ikianza kudanganya nataka kupima ohm kwa waya nne, ili ukinzani wa nyaya zenyewe usiingie, na hapo testa haifui dafu. Siku moja nikaiwasha, kioo kitupu. Nikibonya kitufe, kimya.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, nje ya Lamu, aliifungua, akaona betri ya lithiamu imelehemewa kwenye bodi, akasema hiyo ndiyo mchawi, tuing'oe. Namshukuru Mungu stima ilikatika kabla chuma chake cha kulehemu hakijapata moto. Betri hiyo ya volti 3 ndiyo inayolinda namba za kalibresheni, yaani za kusahihishia vipimo, ndani ya RAM (kumbukumbu inayofutika umeme ukikosekana) mita ikiwa imezimwa. Ukiitoa hivi hivi, namba zinapotea, na vipimo vya mita haviaminiki tena. Kuzirudisha kunataka maabara yenye vipimo sanifu, na Lamu hatuna.

Mzee wa Langoni aliitazama ile betri, akaipima, akaniambia: "Mwanangu, hii usiiguse, na mimi leo siigusi."

Akaenda kwenye prosesa, yaani chipu iliyo ubongo wa mita, Intel 8039 yenye miguu 40. Volti 5 zipo. Mguu wa reset uko sawa. Akaweka osiloskopu, chombo cha kuonyesha mapigo ya umeme, kwenye kristali inayoipa prosesa mapigo, inacheza. Kisha mguu wa 11, unaoitwa ALE: mstari umelala. Nikamuuliza, je kama ROM, chipu yenye programu, ndiyo mbovu? Akasema ALE hudunda hata programu ikiwa takataka, maadamu prosesa iko hai na hakuna mguu unaoishikilia isimame. Akaikagua miguu hiyo pia. Prosesa imekufa, basi.

Na hapa ndipo nilipoamini anajua kazi. 8039 haina programu ndani. Inasoma yote kutoka ROM ya pembeni. Kwa hiyo 8039 nyingine yoyote inakubali, bila kutafuta HP nyingine ya kuchinja. Ana mikebe ya bodi za zamani, nikaona 8048, chipu ya ukoo huohuo, kwenye moja, nikamwonyesha kwa furaha. Akatikisa kichwa: hiyo ina RAM ya baiti 64, hii inataka 128. Akatoa 8049, ya ukoo huohuo yenye baiti 128, kwenye kadi ya printa mbovu. Hiyo ina programu yake ndani, ya printa, lakini mguu wa EA, unaochagua programu ya ndani au ya nje, kwenye bodi ya mita umefungwa kwenye volti 5, kwa hiyo chipu inalazimika kusoma ROM ya nje na ile ya printa haiguswi kabisa.

Kuitoa ile mfu hakuhangaika kuokoa chochote. Alikata miguu mmoja mmoja kwa koleo dogo, mwili wa chipu ukatoka, kisha akavuta visiki kimoja kimoja. Kila mara alikipasha chuma, akakichomoa ukutani, ndipo akagusa bodi. Anahofia chuma chenye waya wa ardhi kisije kikaishotisha ile RAM. Kazi ya pole pole mno, lakini hakuna hata njia moja ya shaba iliyobanduka.

Mita iliwaka, ikajipima bila kulalamika. Nikaiwekea chanzo changu cha volti 10, ikasoma vilevile kama zamani.

Sasa lawama. Soketi aliyoweka ya kuchomekea chipu ni ile ya bei rahisi, ya vibati bapa. Kwa hewa yetu ya chumvi nilitaka ya matundu ya duara, hata kwa kuongeza pesa. Akasema hana, na hakunionya kabla. Risiti haandiki. Bei haisemi mpaka kazi iishe: alianza na 5,000, tukamalizana 4,000 pamoja na chipu. Si ghali, ila ningependa kujua mapema.

Betri bado ni ileile. Ameshauri nisome kwanza namba za kalibresheni kwa kompyuta kupitia GPIB (tundu la nyuma la kuunganisha mita na kompyuta), maana sasa prosesa inaweza kujibu, kisha aibadilishe huku RAM ikilishwa volti 3 kutoka pembeni. Waya wa GPIB hana, nimeuagiza mwenyewe.

Ijumaa hafungui mpaka baada ya swala. Na usiende na mtoto mdogo, kapasita za amplifaya ziko wazi mezani na hazijamwagwa chaji.