Uzoefu wangu na antivirusi niliyoambiwa ni nyepesi

Jina lake silitaji. Niliinunua Kariakoo, ikiwa kwenye boksi lenye namba ya kukwangua, na kabla ya kutoa hela nilimweleza muuzaji hali yangu yote: kompyuta ni ya mtumba, RAM GB 4, diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, nyumbani tunaitumia watu watatu, na flashi zinaingia kutoka kila kona ya Mbagala. Nataka kitu chepesi. Akaniambia, "Mama, hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na fayawoli imo humo humo." Yaani ile kinga inayochuja kinachoingia na kutoka kwenye intaneti. Nikalipa shilingi 35,000.

Wiki za mwanzo niliipenda, lazima niseme ukweli. Ilinasa uchafu kwenye flashi ya kijana wangu, ikaufuta, maisha yakaendelea. Niliisifia mpaka kazini, na walimu wenzangu wawili wakainunua kwa maneno yangu. Hilo linaniuma hadi leo.

Kisha ukaja usiku wa mkopo. Binti yangu alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa chuo na dirisha lilikuwa linakaribia kufungwa. Vyeti vyake vyote, pamoja na cha kuzaliwa kilichokwisha kuhakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), vilikuwa kwenye flashi aliyotoka nayo steshenari. Ilikuwa kama saa tatu usiku alipoichomeka. Kompyuta ikalia, kikatokea kibao chekundu, halafu kikageuka kijani: vitisho vimeondolewa, flashi iko salama. Tukaifungua. Tupu! Hakuna hata faili moja.

Baadaye ndiyo nilielewa. Kile kirusi cha steshenari huwa hakifuti kitu. Kinayaficha mafolda yako na kuweka shotikati (vijifaili vya njia ya mkato) zenye majina yaleyale, ukibonyeza shotikati unakiamsha chenyewe. Antivirusi yangu ilifuta shotikati, ikayaacha mafolda yakiwa yamefichwa, ikajipongeza. Hata mstari mmoja wa kutuambia kwamba vitu vyenu vimo humo, vimefichwa tu, haikuandika. Binti yangu alikaa sakafuni, anafungua na kufunga kifuniko cha flashi, hasemi kitu.

Nikasema tuombe steshenari watutumie tena kwa baruapepe. Nikawasha hotspoti ya simu. Hapo fayawoli nayo ikaamka, kwa Kiingereza, ikiniuliza niruhusu au nizuie kitu kinachoitwa svchost.exe. Usiku huo, nimetoka kuona vyeti vya mwanangu vinapotea, nakutana na jina la ajabu kama lile! Nikazuia. Intaneti ikakata palepale. Na katikati ya yote hayo antivirusi ikaamua ndiyo saa yake ya kukagua kompyuta nzima: diski imefika asilimia 100, feni inavuma, ukisogeza kipanya mshale unafika baada ya muda.

Kijana wa jirani ndiye aliyetuokoa. Aliingia, "Shikamoo mama", akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ndiyo ilikuwa herufi ya flashi yetu). Mafolda yakarudi yote. Akaniambia svchost ni ya Windows yenyewe, ukiizuia unakuwa umejikatia mawasiliano. Maombi tuliyatuma baada ya saa sita usiku.

Siku iliyofuata nilirudi dukani na boksi langu. Yule muuzaji hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. "Mama, antivirusi haina shida. Shida ni nyinyi mnabonyeza bonyeza vitu msivyovijua." Mbele ya wateja. Kijana wa umri wa wanafunzi niliowafundisha! Kama swali linahitaji fundi, kwa nini mnaniuliza mimi usiku? Na kama mnajua siwezi kulijibu, mbona mliniuzia?

Kilichonichoma zaidi kilikuja tulipoiondoa. Mara tu ilipotoka, Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ikajiwasha. Ilikuwemo siku zote, ilizimwa kwa sababu ile nyingine imeingia. Imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na fayawoli ya Windows inakuja ikiwa imewashwa tangu XP ilipopata maboresho yake ya 2004. Bure. Muuzaji wa kompyuta hajui hilo? Anajua.

Sisemi Defender ni nyepesi kama unyoya. Ikianza kukagua, kompyuta yangu inasuasua na lazima niisubiri. Na nakubali mwenye kazi ya ofisi au steshenari anaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Pia kwa wenye Windows 10 kama mimi, Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025, kwa hiyo kwanza angalia kama umejiandikisha kupata masasisho ya nyongeza ya usalama, maana matundu ya Windows hayazibwi na antivirusi ya boksi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuipa nyota tatu, kwa kuwa ilinasa virusi kweli. Lakini nikimkumbuka mwanangu pale sakafuni, zile nyota tatu zinanishinda. Naipa moja, na hiyo moja ni ya zile wiki za mwanzo.

Leseni bado ina miezi saba. Jirani mmoja aliniomba namba aitumie yeye. Nimemkatalia, nikamwonyesha Defender ilipo kwenye kompyuta yake.