Makonyo na mwani: boila au pampu ya joto?

Kiwanda cha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kule Wawi, Pemba, kinahitaji mvuke. Mkausha mwani wa Paje anahitaji hewa kavu tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Boila unalijua: kuni au dizeli, maji yachemke, mvuke upite kwenye makonyo utoke na mafuta. Fundi wake yupo, na umeme ukikatika moto wa kuni haujali. Ila moshi!

Pampu ya joto haiunguzi kitu. Ni friji iliyogeuzwa: inachota joto la hewani, kompresa inalipandisha. Kwa nyuzi 50 au 60, uniti moja ya umeme huleta kama tatu za joto, na hewa yetu ya vuguvugu inaisaidia. Masika jua likigoma, kwa mwani ningeichagua bila kusita. Tatizo ni chumvi, inayokula mapezi ya alumini, yale mabati membamba yanayochota joto. Muulize fundi viyoyozi yeyote wa Mji Mkongwe.

Kwenye mvuke mambo hugeuka. Kadiri nyuzi zinavyopanda juu ya 100, faida hupungua. Mashine za kufika 150 zipo, lakini bei yake inauma. Halafu umeme wenyewe huja kutoka Bara kwa nyaya za chini ya bahari, na sehemu yake huzalishwa kwa gesi asilia. Kwa hiyo hewa ukaa inapungua, haiishi.

Kwa makonyo ningelibakiza boila. Mvuke ukitoka na mafuta hupoozwa kwa maji; pampu ningeipa maji hayo, yanayotoka na uvuguvugu: iyapandishe hadi nyuzi 80 ndipo yaingie boilani, kuni zipungue.